Siku Bi Mashavu Alipopewa Mji Mkuu

Sogeeni, mkeka ni mpana. Hadithi hii imetembea kwa miguu yake mpaka ikafika hapa, na chumvi iliyomo ni ile ya kuizuia isioze tu.

Ilikuwako nchi, na bado iko kwa wale wanaoamini kwamba iko, jina lake Jamhuri ya Yotendiyo. Nchi nzuri kabisa. Mvua yake ilinyesha kwa wakati, wabunge wake walisinzia kwa wakati, na watu wake walikuwa wa imani nyingi kama mboga gengeni. Walikuwamo wa kusali Ijumaa, walikuwamo wa kusali Jumapili, walikuwamo wa kufagia makaburi ya mababu na kuwamwagia pombe kidogo kisha wao wakanywa nyingi, na walikuwamo wasioamini kitu ila kile kilichokwisha kuingia kinywani.

Mbali sana na Darini, mji mkuu wa nchi hiyo, kulikuwa na kijiji kiitwacho Ng'ambombili. Kilikaa kingo zote mbili za Mto Mirumba, kama mtu aliyepanda ukuta, mguu huku, mguu huku. Ng'ambo ya maawio walikaa zaidi watu wa kanisa, na huko ndiko ilikokuwa shule, na ndiko ilikoanzia njia ya kwenda Darini. Ng'ambo ya machweo walikaa zaidi watu wa msikiti, na huko kulikuwa na soko na uwanja wa mpira. Katikati lilikuwako daraja la saruji. Chini yake kidogo, penye mawe, palikuwa na kivuko cha tangu zama za mababu, ambapo maji yalimfika mtu magotini na aibu ikamfika kiunoni.

Ng'ambo ya machweo alikaa Bi Mashavu, ajuza msusi wa mikeka, aliyeitwa hivyo kwa mashavu aliyokuwa nayo zamani. Jioni alipokuwa akisuka, watoto wa ng'ambo zote mbili walimzunguka awategee vitendawili. Na kitendawili, kama ajuavyo kila aliyelelewa na bibi, kina sheria yake: ukishindwa, unatoa mji. Mtegaji anaupokea, anakwenda huko kwa maneno, anasimulia aliyoyaona, ndipo anakupa jibu. Bi Mashavu alikwisha kupewa miji yote ya Yotendiyo, mingine mara mbili, na vijiji kadhaa vilivyokuwa na viroboto. Darini peke yake hakuna mtoto aliyewahi kuutoa. Waliona ni mkubwa mno, wangeulizwa nyumbani.

Shoga yake wa tangu ujana alikuwa Mama Felista wa ng'ambo ya maawio, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ya kuamsha ng'ombe. Walikuwa na sufuria moja kubwa ya shughuli, waliyoinunua kwa kuchangiana walipokuwa bado wana meno. Idi ilikaa kwa Bi Mashavu, Krismasi ikakaa kwa Mama Felista, na kila ilipovuka mto ilivuka na maneno.

"Hodi kwa mpagani wangu!"

"Karibu, kafiri wangu. Leo umekuja kusilimu, au umekuja kula tu?"

"Kula tu. Kusilimu tusubiri siku pilau lako litakapokuwa na chumvi."

"Umekosea, mwenzangu. Kaa ule."

Kila usiku Bi Mashavu alimwomba Mungu amwongoze Felista, na kila Jumapili Felista alimwashia Mashavu mshumaa. Kila mmoja alijua kwamba anaombewa aache upotevu wake, na kila mmoja alishukuru, maana aliyekuombea amekukumbuka. Siku moja Mashavu alimtegea: "Akifunguka ni mwema, akifungwa ni mwema, asiyejua kufungwa ni balaa."

"Mlango," akasema Felista.

"Na nini kingine?"

Felista akatafuna, akafikiri. "Akili."

"Mji wako baki nao, kafiri wewe. Huna dini lakini kichwa unacho."

*

Sasa, wenzangu, mwaka mmoja daraja likafanya ufa.

Ulianza mwembamba kama unywele, ukanenepa. Ilipofika miezi ya kiangazi, Mama Felista alitumbukiza kidole chake cha shahada humo kikaenda chote. Daraja lenyewe lilikuwa halijazeeka. Lilijengwa na shemeji wa Waziri mmoja wa Darini, kwa mchanga mwingi na saruji ya kunusia. Wazee wa ng'ambo zote mbili, shehe na katekista wakiwa mbele, wakapeleka habari Darini: daraja ni bovu, lifungwe.

Basi ikatokea tu, bila mtu yeyote kukusudia, kwamba wiki ileile Serikali ya Yotendiyo ikapata upendo mkubwa sana wa mawazo tofauti. Wenye roho chafu walisema mambo hayo mawili yanahusiana. Wenye roho safi walisema hayahusiani. Na kwa sheria mpya iliyotungwa, wote walikuwa sahihi.

Sheria yenyewe iliitwa Sheria ya Akili Pana. Ilisema kwamba hakuna raia atakayetamka jambo bila kuongeza "na kinyume chake pia," ili asimuumize anayeamini vingine. Waziri wa Mawazo Yote, yuleyule mwenye shemeji, Mheshimiwa Alhaji Mchungaji Pengine, alivaa kofia ya kiua, msalaba kifuani, na hirizi mkononi, akaitangaza redioni.

"Ndugu wananchi! Ufa ni nini? Mimi naweza kuona ufa. Wewe ukaona mstari. Mwenzako akaona tabasamu la saruji! Nani miongoni mwetu mwenye ukatili wa kumpokonya mwenzake macho? Mataifa mengine yanakarabati madaraja. Sisi tunakarabati mawazo juu ya madaraja! Na hiyo, ndugu zangu, ndiyo nguvu yetu!"

Akaongeza haraka, "Na udhaifu wetu pia." Makofi.

*

Aliyeletwa Ng'ambombili kuisimamia sheria ni Ofisa wa Upana wa Akili, Bwana Vyovyote, kijana mwenye kitambi cha mtu mzima. Alikuja na futi kamba ya fundi cherehani. Kila asubuhi aliwapanga watu sokoni akawapima vichwa, na mwenye kichwa chembamba aliamriwa avae kilemba mpaka apanuke.

Lugha ya watu ikapinda. Ukimwuliza mtu, "Hujambo?" alijibu, "Sijambo, na ninalo." Mwuza samaki alinadi, "Mbichi hawa, na wameoza pia!" na kwa kuwa upande mmoja ulikuwa kweli siku zote, aliuza kiasi kilekile alichokuwa akiuza. Mganga wa zahanati alimwambia mama mwenye mtoto wa homa, "Ana malaria, na hana. Mpe dawa, na usimpe." Mama yule akamtazama, akambeba mwanawe, akaenda kulia nyuma ya choo.

Shehe na katekista waliitwa ofisini pamoja.

"Nimepata malalamiko," akasema Bwana Vyovyote, akiweka kalamu sikioni. "Ninyi mnaamini sana."

"Tunaamini sana nini?" akauliza shehe.

"Kila mmoja na lake. Imani yako, shehe, imejaa mpaka inambana mwenzako. Na wewe katekista vilevile. Serikali inawaomba muamini nusu nusu, ili pabaki nafasi."

Katekista akamgeukia shehe. "Nimewahi kukubana, shehe?"

"Siku ya mazishi ya mama yangu," akasema shehe, "ulinibana bega, tulipokuwa tumelibeba jeneza. Tangu hapo, sikumbuki."

Hata methali hazikupona. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" ilifutwa ubaoni shuleni, kwa kuwa iliwadhalilisha wasioamini nyufa. Watoto wakafundishwa mpya: "Usipoziba ufa, kama kwa maoni yako upo, huenda ukajenga ukuta, na huenda usijenge." Waliikariri wakiwa wamesimama, wakapumzika katikati.

Siku Bwana Vyovyote alipomsikia Mama Felista akipiga hodi kwa mpagani wake, na mpagani akimkaribisha kafiri wake, nusura aanguke. Aliwahukumu wote wawili kukaa benchi moja mbele ya ofisi kutwa nzima wakikubaliana kwa kila jambo.

"Jua ni kali," akaanza Felista.

"Kweli kabisa," akasema Mashavu, akisaga meno yaliyobaki.

"Wewe ni mzuri."

"Kweli kabisa. Na wewe una sauti nzuri."

Felista akashika kichwa. "Mwenzangu, nitukane kidogo, tafadhali. Nakufa."

*

Watu wa Ng'ambombili walijaribu. Hilo lazima lisemwe. Usiku hawakulala, wakalifunga daraja kwa miiba ncha zote mbili, wakarudi kwenye kivuko cha mababu, watoto wa shule wakivuka migongoni mwa baba zao. Bwana Vyovyote akaiondoa miiba, kwa kuwa iliwatukana wanaoliamini daraja. Wakairudisha. Akaja na askari, akaiondoa tena, na kivuko nacho akakifunga.

"Kivuko kimekosa nini?" Bi Mashavu akamwuliza. "Ni mawe na maji, mwanangu."

"Bibi, kila anayepita kivukoni anamwambia mwenzake aliye darajani: wewe huna akili. Ni matusi ya miguu hayo! Kivuko kitafunguliwa siku Serikali itakapotamka kwamba daraja ni bovu."

"Nayo itatamka lini?"

"Wakati wowote," akasema Bwana Vyovyote, "na kamwe."

Bi Mashavu akamtazama kijana yule usoni. Alikuwa amelea wanaume wa kila namna, wezi na waongo wakiwemo, na hata mwongo alimwelewa, kwa maana mwongo anaijua kweli ndipo anaikwepa. Huyu alikuwa amesimama mahali ambapo kweli na uongo vimepewa kiti kimoja, na yeye amekalia vyote viwili. Hasira ikampanda Bi Mashavu kutoka kwenye nyayo. Hakuwa amewahi kumkasirikia mtu kwa dini yake wala kwa upumbavu wake. Huyu alimkasirikia kwa upole wake.

Ikaja Idi. Sufuria ilikuwa ng'ambo ya maawio. Asubuhi ile Bi Mashavu alikuwa ukingoni upande wake, kitunguu amekwisha kukatakata nyumbani, akamwona Felista ukingoni upande wa pili, sufuria kichwani, mjukuu wake Agripina nyuma yake. Felista alikuwa amekunja kanga juu ya magoti, anaelekea kivukoni. Askari akamzuia. Maneno yalivuka maji, kila mtu aliyasikia.

"Pita darajani, mama."

"Daraja ni bovu, baba."

"Na kinyume chake pia! Sema, na kinyume chake pia!"

"Nimekwisha sema nilichosema. Nipishe nipite majini, watu wanangoja kula."

"Pita darajani, au tuimwage sufuria tukuweke ndani, na Idi ya mwenzio iharibike."

Felista akasimama. Akamwambia Agripina, "Wewe baki." Akapanda darajani peke yake, akitembea pembeni pembeni, mkono mmoja umeshika sufuria, na kwa kuwa alikuwa Felista, akapaaza sauti kutoka kule juu: "Hodi kwa mpagani wangu!"

"Karibu!" akaitikia Bi Mashavu. "Karibu, kafiri wangu, karibu, tembea polepole..."

Alipofika katikati, daraja likasema neno lake.

Sufuria ikaelea. Ilikuja yenyewe mpaka ukingo wa machweo, ikazunguka mara moja, ikatulia miguuni pa Bi Mashavu. Mama Felista walimpata jioni, mateteni, vijana wa msikiti kwa vijana wa kanisa wakiwa wameshikana mikono kukata maji.

*

Kaburi lilichimbwa na watu wa ng'ambo zote; siku hiyo askari wa kivukoni aligeuza uso. Shehe alisimama nje ya kanisa juani mpaka misa ikaisha. Bi Mashavu hakulia. Alikaa mkekani akimpakata Agripina, ambaye hakuwa na mtu mwingine tena.

Serikali nayo haikukaa kimya. Bwana Vyovyote alikuja na salamu. Akasimama mbele ya wafiwa, akakohoa. "Serikali inatoa pole kwa wale wote wanaoamini kwamba wamefiwa."

Mtu mmoja akanyanyuka na jembe. Katekista akamshika mkono.

"Na kwa wale wanaoamini kwamba mama yetu amesafiri," Bwana Vyovyote akaendelea, "Serikali inawatakia mapokezi mema atakaporudi."

Kuhusu daraja, wizara iliunda Tume ya Kusikiliza Pande Zote. Tume ikasikiliza upande ulioanguka na upande uliobaki. Ikaona kwamba wako wanaoamini daraja limekatika, na wako, hasa Darini, wanaoamini liko, na kwamba pengo si hoja ya kumnyima mtu imani yake. Ili wote waridhike, zikaletwa mbao, zikalazwa juu ya pengo, zikapakwa rangi ya saruji. Waziri mwenyewe angekuja kulizindua, na watoto wa shule wangekuwa wa kwanza kuvuka, wakiimba.

Mshika bendera, wa mbele kabisa, angekuwa Agripina. Wizara iliona itapendeza.

Habari ile ilipomfikia, Bi Mashavu aliacha kusuka. Akauangalia ukili mkononi kama hajui ni kitu gani. Kisha akasema, "Hakuna mtoto wa Felista atakayekanyaga ubao ule. Watasema kwamba daraja ni bovu. Watasema kwa vinywa vyao, bila mkia wa kinyume chake."

"Watasemaje, bibi?" wakamwuliza majirani. "Hao kila unachowaambia wanakikubali. Utampigaje mtu asiyesimama popote?"

"Nitamtegea," akasema Bi Mashavu.

*

Mheshimiwa Pengine alifika kwa helikopta, akatua uwanja wa mpira ng'ambo ya machweo, vumbi likaingia katika vyungu vya kina mama. Redio ya Taifa ilikuwapo, matangazo ya moja kwa moja. Watoto walikuwa wamepangwa mstari mbele ya daraja, Agripina mbele na bendera, midomo yake imekauka.

Waziri akahutubia. Alisema nchi yenye mawazo mengi ni kama mchuzi wenye viungo vingi. Alisema madaraja huanguka lakini kuheshimiana husimama. Alisema mengi, na mtafsiri wa wizara, aliyesimama pembeni, akasema kinyume cha kila moja, ili kusawazisha.

Alipovuta pumzi, Bi Mashavu akatokea mbele ya umati na sufuria kichwani.

"Mheshimiwa, shikamoo siwezi kukupa, wewe ni mwanangu. Lakini kabla ya watoto kuvuka, sisi huku tuna mila. Mgeni akija tunamtegea."

Bwana Vyovyote akataka kumsukuma. Waziri akamzuia, kwa sababu redio ilikuwa inasikiliza. "Mwacheni bibi! Serikali yetu inaheshimu kila mila, bila kubagua! Tega, bibi, tega!"

"Kitendawili!"

"Tega!" ukaitikia umati wote, ng'ambo zote mbili, mpaka maji yakatetemeka.

"Anafungua kinywa kila siku kidogo, hasemi. Siku akisema ni neno moja tu, na aliyelisikia kwa karibu hasimulii."

Waziri akacheka. "Mamba!"

"Siyo," wakasema watoto.

"Kaburi!"

"Karibu yake, lakini siyo," akasema Bi Mashavu.

"Basi... mke mpole!" Alicheka peke yake. Msaidizi wake akamnong'oneza, na Waziri akajinyoosha. "Bibi, katika Yotendiyo hakuna jibu lisilo jibu. Majibu yangu yote ni sahihi. Huo ndio upana wa akili."

"Mheshimiwa, kitendawili si Bunge. Kina jibu. Umeshindwa, toa mji."

"Toa mji!" wakasema watoto, na kwa mara ya kwanza siku ile nyuso zao zikawa za watoto. "Toa mji! Toa mji!"

Waziri akainama kwa msaidizi wake. Kipaza sauti kilikuwa wazi, na nchi nzima ikasikia. "Naweza kukataa?"

"Huwezi, Mheshimiwa. Umetamka sasa hivi, mila zote zinaheshimiwa. Ukiikataa hii, umebagua. Toa tu, ni mchezo wa watoto."

"Haya, bibi. Nakupa Ng'ambombili."

"Siutaki. Huo ni wangu tangu kuzaliwa, na tazama mlivyoufanya."

"Nakupa Mbwekuni."

"Ninao, una viroboto."

"Unataka upi basi?"

"Nipe Darini."

Watoto wakatazamana. Waziri akapangusa jasho, akamtazama mtu wa redio, akacheka kicheko cha kisiasa. "Haya! Nimekupa Darini, bibi! Mji mkuu wote, na vyote vilivyomo!"

Bi Mashavu akatua sufuria chini, akaigeuza, akaketi juu yake.

"Nimeupokea," akasema. "Nikaondoka, nikaenda mpaka Darini. Nikafika, watu wakanisalimia, sijambo bila ninalo. Nikapita mtaa wa mawaziri. Nikaiona nyumba moja ya ghorofa, na ukutani kwake kiraka cha saruji, kibichi, saruji kweli, si ya kunusia. Nikamwuliza fundi, baba, hapa palikuwa na nini? Akaniambia, palikuwa na ufa, bibi, mwembamba kama unywele. Mwenye nyumba ameuona asubuhi, mchana umezibwa. Nikamwambia, loo, hamkuuliza kwanza wanaouona kuwa tabasamu? Fundi akacheka mpaka akashika ngazi. Akasema, bibi, hayo ni maneno ya kupelekwa vijijini. Humu ufa ni ufa."

Akajiweka sawa juu ya sufuria.

"Nikatembea zaidi. Nikaona watoto wa mawaziri wanaumwa homa, mganga anawaambia hii ni malaria, na anawapa dawa, hasemi msiwape. Nikaona wanahesabu mishahara yao, na mmoja akipunjwa hasemi nimepunjwa na kinyume chake pia. Nikaona mji mzima unajua lililo kweli. Kweli wamejiwekea wao kama sukari kabatini, wakatuletea sisi 'huenda' kwa debe. Wakatuambia ni heshima. Mimi nilikuwa na shoga, alikuwa anaamini nisiyoyaamini, na aliniambia nimepotea, machoni, kila wiki, miaka yote, kisha akala na mimi. Hiyo ndiyo heshima niijuayo. Aliniona mtu wa kubishana naye. Ninyi hamkumheshimu hata kiasi cha kumwambia daraja litamwua."

Akamwelekezea Waziri kidole. "Jibu la kitendawili ni ufa wa daraja. Lile pale. Shoga yangu alilisikia neno lake kwa karibu, hatasimulia. Sasa, Mheshimiwa, mchezo umekwisha, rudi nyumbani."

Waziri alifurahi kusikia neno nyumbani. Akageuka kuelekea helikopta. Akakuta kina mama wametandika mikeka chini yake, wameketi, miguu imenyooshwa, wanasuka.

"Helikopta ni ya wapi?" akauliza Bi Mashavu, hakuinuka.

"Ya Darini," rubani akajibu kwa adabu.

"Na Darini ni ya nani?"

Rubani akavua kofia. "Nimesikia redioni ni yako, bibi. Nangoja amri."

"Isiruke. Mheshimiwa ana miguu, na njia ya Darini iko ng'ambo ile. Apite kivukoni."

"Kivuko kimefungwa, na kinyume ch..." Bwana Vyovyote akaanza, kisha akameza. "Kimefungwa. Mpaka Serikali itamke kwamba daraja ni bovu."

"Kumbe," akasema Bi Mashavu. "Basi apite darajani. Si lipo, kwa wanaoamini? Agripina, mwanangu, mpe Mheshimiwa bendera. Atangulie yeye."

Agripina akampa. Waziri akasogea mpaka mwanzo wa mbao. Akaziangalia. Akaangalia maji. Akaweka mguu mmoja, na ubao ukalia kama mtoto wa paka. Kofia ikamwanguka mtoni, ikachukuliwa. Akaushika msalaba, akaishika hirizi, akasoma dua, vyote kwa mpigo, kisha akarudisha mguu na kupiga kelele ambayo redio iliibeba mpaka mipakani:

"Daraja ni bovu! Nisaidieni jamani, daraja ni bovu, ni bovu!"

Watu wakangoja mkia. Haukuja.

Bi Mashavu hakushangilia. Alikuwa amekaa juu ya sufuria, mikono magotini, amekuwa mdogo ghafla. "Sema kwa nguvu zaidi, mwanangu," akamwambia. "Aliyekuwa akitaka kulisikia yuko mbali."

*

Mbao ziling'olewa jioni ileile, kivuko kikafunguliwa. Waziri alivuka na suruali mkononi. Kesho yake Redio ya Taifa ilitangaza kwamba wako wanaoamini Mheshimiwa alisema daraja ni bovu, na wako wasioamini, na kwamba wote wanaheshimiwa. Lakini walioisikia ile sauti hawakuhitaji kuheshimiwa tena. Sokoni mwuza samaki alinadi, "Wameoza hawa, nauza rahisi!" akamaliza kabla ya adhuhuri.

Darini, Bi Mashavu hajaurudisha mpaka leo. Wametuma watu kuudai, kwa upole, na kila anayekuja anategewa kwanza.

Krismasi ilipofika, Bi Mashavu alikunja kanga juu ya magoti, akajitwika sufuria kichwani, akavuka mawe ya mababu polepole, maji yanamvuta. Nyumba ya marehemu ilikuwa na watu wa kwaya, na Agripina alikuwa amekwenda tangu jana kuwasaidia kupika. Bi Mashavu akasimama mlangoni. Akatua sufuria chini.

"Hodi humu."

Agripina akatokea jikoni, unga mikononi, akashika kiuno kama mtu fulani alivyokuwa akishika.

"Karibu, mpagani wetu. Leo umekuja kubatizwa, au umekuja kula tu?"

"Kula tu, kafiri wangu," akasema Bi Mashavu, na hapo ndipo alipolia.

Mkeka umekunjwa.